Kipindi cha saa moja kuhusu wanawake katika muziki: nianzie wapi, makosa gani niyakwepe?

Mwanagenzi

Habari wanajamvi. Naandaa kipindi cha sauti cha dakika 60 kuhusu wanawake katika muziki wa kupendwa, tangu enzi za santuri hadi leo. Wasikilizaji ni watu wa kawaida, si wanamuziki. Orodha niliyo nayo ina majina 14. Inaanza na Bessie Smith, inaishia na Beyoncé, na wote 14 ni waimbaji. Kadiri ninavyoitazama ndivyo inavyofanana na gwaride: huyu alikuwa na sauti kubwa, anafuata mwenye sauti kubwa, kisha mwenye sauti kubwa zaidi.

Naomba msaada. Nianzie mwaka gani? Dakika nizigaweje? Madai gani yanayorudiwa sana kuhusu wanawake hawa hayana ukweli, nisije nikaumbuka hewani? Halafu nina nakala za santuri za zamani ambazo sauti zake ni za ajabuajabu, sijui kama ndivyo walivyoimba kweli.

Sanduku la Santuri

Majina yako hayana kasoro, mkuu. Kasoro ni kwamba umechukua kazi moja tu. Kwenye kila rekodi kuna anayeimba, kuna aliyetunga, kuna wanaopiga vyombo, na kuna anayeongoza au kumiliki. Wanawake walikuwa katika kazi zote hizo tangu mwanzo, ila herufi kubwa kwenye kibandiko cha santuri ni za mwimbaji. Basi kila wimbo utakaouchagua, uutafutie majina ya hao wote kabla hujaandika sentensi hata moja.

Jaribu na wimbo ambao bila shaka umo kwenye orodha yako, "Downhearted Blues", santuri ya kwanza ya Bessie Smith kwa kampuni ya Columbia, Februari 1923. Watu wanausimulia kama mwanzo wa Bessie na wanaishia hapo. Lakini maneno ni ya Alberta Hunter, aliyekwisha kuurekodi mwenyewe kwa Paramount mwaka 1922, na muziki ni wa Lovie Austin, mpiga piano aliyeongoza bendi yake mwenyewe huko Chicago. Mary Lou Williams, naye mpiga piano mkubwa, akiwa mtoto alimwona Austin na hakusahau: sigara mdomoni, mkono wa kushoto unapiga piano ya onyesho linaloendelea, mkono wa kulia unaandika noti za onyesho linalofuata. Wanawake watatu katika wimbo mmoja, na orodha yako ina mmoja.

Mwaka wa kuanzia: rudi nyuma hadi 1902. Mwezi Novemba mwaka huo kampuni ya Gramophone ilirekodi Calcutta, India, na nyota wa kazi ile alikuwa mwimbaji Gauhar Jaan. Mwisho wa santuri zake anasikika akitamka kwa Kiingereza kwamba jina lake ni Gauhar Jaan. Wengi huona ni mbwembwe. Sababu yenyewe ni ya kiwandani: nta, yaani sahani za nta zilizochorwa sauti, zilipelekwa Hanover, Ujerumani, kuchapwa santuri, na mafundi wa kule hawakuwa na namna ya kujua nani anaimba nini isipokuwa sauti yenyewe iseme.

Baada yake ingia kwa Mamie Smith, "Crazy Blues", iliyorekodiwa New York tarehe 10 Agosti 1920 kwa kampuni ya OKeh, utunzi wa Perry Bradford. Uzito wa santuri hii uko sokoni. Ilipouzwa kwa wingi, makampuni ya Marekani yalitambua kuwa Wamarekani weusi ni wateja, yakaanza kusaka waimbaji, na waliosakwa kwanza walikuwa wanawake. Wale wanaume wenye gitaa moja, ambao vitabu vingi huwaweka ukurasa wa kwanza wa bluzi, walianza kuuza santuri katikati ya miaka ya 1920. Sizungumzii nani aliimba bluzi kwanza kijijini, hilo halina hati. Ila kwenye santuri wanawake walitangulia, na waliofuata walisikiliza santuri zao.

Kuhusu dakika: nyimbo 14 hazienei ukitaka kueleza chochote. Chukua 10 hivi, kila moja dakika 2 na robo kwa wastani, jumla dakika 22 na nusu. Maelezo yapewe dakika 30. Kwa usomaji usio wa kukimbia, maneno 100 hadi 110 kwa dakika, ni kama maneno 3,000. Zinazobaki ni za kufungua, kufunga na kupumua. Maneno yako yapite juu ya utangulizi wa vyombo, lakini mwimbaji akishafungua kinywa, nyamaza.

Fundi Sindano

Nijibu la sauti za ajabuajabu, maana hapo ndipo waimbaji wa kale wanapohukumiwa kwa makosa ya mashine.

Kwanza kasi. Kuandikwa "78" hakumaanishi ilirekodiwa kwa mizunguko 78 kwa dakika. Kabla ya 1925 kila kampuni ilikuwa na desturi yake, na Columbia mara nyingi walikuwa kwenye 80. Ukiicheza ya 80 kwa 78, sauti inashuka karibu nusu ya nusu toni na wimbo unapoa kidogo. Ukichukua iliyorekodiwa kwa 74 ukaicheza kwa 78, inapanda karibu nusu toni nzima: mama mtu mzima anageuka binti. Namna ya kugundua: tafuta wimbo uko kwenye ufunguo gani, yaani umejengwa juu ya noti ipi. Bendi za tarumbeta na klarineti hupenda funguo za bemoli (noti zilizoshushwa nusu toni), Si bemoli, Mi bemoli, Fa. Ukiona wimbo umeangukia katikati ya noti mbili za piano iliyosawazishwa, au kwenye ufunguo ambao hakuna mpiga tarumbeta mwenye akili timamu angeuchagua, rekebisha kasi kwenye programu mpaka utue. Badilisha kasi na urefu wa sauti kwa pamoja. Ukitumia kile kitufe kinachobadilisha sauti bila kugusa mwendo utakuwa umezidisha kosa.

Pili sindano, kama unanakili mwenyewe. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana. Unahitaji ncha ya kama maikromita 75, na ile ya santuri ndefu ni 25 tu. Hiyo ndogo inazama hadi sakafu ya mfereji, mahali palipojaa vumbi na mikwaruzo, na unachopata ni mvumo mwingi na sauti kidogo. Nakili kwa mono, yaani njia moja ya sauti. Zima kile kirekebishi cha besi cha RIAA kwa santuri zote za kabla ya umeme, kwa sababu kilikuja miaka ya 1950 na kinazivimbisha bila sababu. Na usifute santuri za shelaki (utomvu mgumu uliotengenezewa santuri za 78) kwa spiriti, spiriti inayeyusha shelaki. Maji yasiyo na chumvi na tone la sabuni laini yanatosha, ila kibandiko kisilowe.

Tatu, na hili liseme hewani: mpaka 1925 hapakuwa na kipaza sauti. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyoisukuma sindano kuchora nta. Pembe ilishika kama kuanzia hezi (mitikisiko kwa sekunde) 250 hadi 2,500 basi. Besi nzito haikuingia, na ngoma kubwa ingeweza kuirusha sindano, hivyo bendi ziliziacha nje. Ndiyo maana santuri za miaka ile zina wenye sauti za kujaza ukumbi. Wale "wenye sauti kubwa" wa gwaride lako walichujwa na pembe. Mwenye sauti ndogo hakuwa na njia ya kufika.

Ukitaka msikilizaji alisikie badiliko hilo bila kuelezwa sana, cheza sekunde 40 za Bessie wa 1923, kisha mara moja sekunde 40 za mwimbaji wa jazi Billie Holiday wa mwishoni mwa miaka ya 1930. Billie hakuwa na sauti pana wala kubwa. Alijua kukikaribia kipaza sauti, kuchelewesha neno, kuliacha lifie karibu na mdomo. Mbele ya pembe, kazi yote ile isingeacha hata mchoro kwenye nta.

Jambo moja la pembeni: mwimbaji wa bluzi Ma Rainey alirekodi kwa Paramount kati ya 1923 na 1928, na Paramount ilikuwa tawi la kiwanda cha viti huko Wisconsin. Santuri zake zilikuwa mbovu tangu dukani. Usipunguze mikwaruzo mpaka sauti ikawa kama inatoka ndani ya mtungi. Bora kelele ibaki na mwimbaji abaki.

Udi na Kanuni

Wakuu, hamjafika Zanzibar wala Cairo, na bila hizo mbili hiki ni kipindi cha Marekani kilichovaa jina la dunia.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV. Yumo miongoni mwa waimbaji wa mwanzo kabisa wa Afrika Mashariki kutoa santuri za kuuzwa. Sipendi kuandika "wa kwanza" bila kuongeza neno, nawe usiandike. Uzito wake uko kwenye lugha. Taarabu ya kasri la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti alijua kuimba kwa Kiarabu vizuri, lakini nguvu yake ilikuwa mashairi ya Kiswahili yanayobeba habari za mtaani: nani kadhulumiwa, hakimu kaamua nini. "Kijiti" inahusu mwanamke aliyeuawa. Mtuhumiwa anatoroka, na adhabu inawaangukia wanawake wengine. Santuri iliwafikia watu wasiosoma gazeti, na wimbo ukawa gazeti lao.

Angalia kifundi kilichotokea. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 unabeba kama dakika 3. Taarabu ya ukumbini haina haraka: vyombo vinaanza peke yao, mwimbaji anaingia, watu wanatunza, ubeti unarudiwa. Kwa santuri, beti zilipunguzwa au wimbo ukagawanywa pande mbili. Kwa hiyo unachosikia kwenye nakala ni muhtasari wa usiku mzima. Ukisema "nyimbo zake zilikuwa fupi" umekosea. Na usimtenge na kundi lake: Mbaruku Talsam, Subeti, Buda Swedi, Maalim Shaaban. Habari zake za maisha zimo katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, ambao ni wa sifa zaidi kuliko wa tarehe, lakini hakuna pa kuanzia pazuri kuliko hapo.

Kinyume chake ni Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri. Badala ya yeye kujikunja aingie kwenye chombo, chombo kilijikunja kwake. Redio ya Misri ilifunguliwa 1934, na kwa miongo kadhaa tamasha lake la Alhamisi ya kwanza ya mwezi lilirushwa moja kwa moja, wimbo mmoja ukichukua saa nzima au zaidi. Alichagua washairi, akabishana na watunzi, akakaa kwenye kamati iliyoamua nyimbo gani ziende redioni, akaongoza chama cha wanamuziki. "Enta Omri" ya 1964 ni utunzi wa Mohammed Abdel Wahab. "Al-Atlal" ya 1966 ni wa Riyad al-Sunbati. Watangazaji huishia kusema "sauti ya Waarabu" wakaendelea. Wewe taja kamati.

Kumkata ndiyo kazi ngumu. Kosa la kawaida ni kuchukua dakika mbili za mwanzo, ambazo ni vyombo vitupu, yeye bado ameketi. Kosa la pili ni kuchukua mstari mmoja ukaukata pale watu wanaposhangilia. Sanaa yenyewe iko kwenye kurudia: mstari uleule mara tatu, nne, saba, na kila mara kuna kilichobadilika, neno limevutwa, sauti imepandishwa, kituo kimehamishwa. Bakiza marudio matatu kamili pamoja na kelele za watu katikati, kwa sababu zile kelele ndizo zinazomwambia arudie tena. Dakika 2 na nusu zinatosha, na sehemu nzuri utaipata katikati ya wimbo.

Pazia la Nyuma

Fupi tu. Ongeza Lata Mangeshkar, mwimbaji wa nyimbo za filamu za India, na sababu isiwe wingi wa nyimbo. Takwimu za wingi zile zimevurugika miaka mingi, usiziguse. Ongeza kwa sababu ya kibandiko. Filamu ya "Mahal" ya 1949 ilikuwa na wimbo "Aayega Aanewala". Santuri za mwanzo ziliandika kwamba mwimbaji ni Kamini, ambaye ni mhusika wa kwenye filamu! Lata ndiye aliyeimba, mwigizaji Madhubala ndiye aliyeonekana. Wasikilizaji walipouliza ni nani huyu, jina likatajwa. Tuzo za filamu za India, Filmfare, hazikuwa na kipengele cha waimbaji wa nyuma ya pazia mpaka 1959, na Lata ndiye aliyekipata mwaka ule. Hii inaungana vizuri na Gauhar Jaan anayejitaja mwenyewe miaka 47 nyuma.

Nyuzi Sita

Vyombo. Hapa wengi hutupa jina moja la mpiga gitaa wakaona wametimiza wajibu.

Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, lazima awemo. "Strange Things Happening Every Day" ilirekodiwa 1944, na mwaka 1945 ikafika namba 2 kwenye chati ya jarida la Billboard ya muziki wa weusi. Ni wimbo wa injili, una piano ya Sammy Price inayokimbia, na gitaa la umeme linajibu kila mstari wa sauti. Sikiliza mwendo wake halafu usikilize roki ya miaka kumi baadaye. Aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa roki Marekani mwaka 2018, miaka 45 baada ya kufa. Angalizo: picha zake za gitaa jeupe la Gibson zinazozunguka mtandaoni ni za miaka ya 1960. Usiziweke pembeni ya wimbo wa 1945 ukasema "hivi ndivyo ilivyokuwa".

Elizabeth Cotten, mpiga gitaa wa Marekani, ni wa kueleza kwa vidole. Alitumia mkono wa kushoto, lakini gitaa lilikuwa la mkono wa kulia, na hakubadilisha nyuzi, aligeuza tu gitaa. Nyuzi nene zikawa chini, nyembamba juu. Matokeo yake vidole vinapiga besi na gumba linapiga melodia, kinyume cha kila mtu. Ndiyo maana anayejaribu kumwiga kwa gitaa la kawaida hupata noti zote lakini hapati mwendo: gumba ni kizito kuliko kidole, na kwake uzito ule uko kwenye melodia. Wimbo wake "Freight Train" ulivuma Uingereza mwaka 1957 ukiwa umeandikishwa kwa majina ya watu wengine. Haki yake ilibidi idaiwe.

Ukitaka bendi nzima, Les Amazones de Guinée. Iliundwa 1961, wote wanawake wa jeshi la polisi la gendarmerie: gitaa, besi, saksofoni, ngoma, vyote mikononi mwa wanawake. Rekodi ya kuchukua ni ya onyesho la Paris, albamu ya 1983. Nawapa kipaumbele kuliko bendi nyingi za Ulaya za namna hiyo kwa sababu magitaa yao yanasukana, hayapokezani. Vuta sikio kwenye gitaa la pili.

Kuhusu Carol Kaye, mpiga besi wa studio za Los Angeles, ana kazi ya kutosha isiyobishaniwa, ikiwemo "Pet Sounds" ya Beach Boys ya 1966. Alipiga besi ya Fender kwa kipande cha kuchapia, si kwa vidole, na kuziba nyuzi karibu na daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) kwa kitambaa kizito, ndiyo maana kila noti inaanza kwa mlio mkavu na kufa mapema. Ila yako madai kuhusu besi za lebo ya Motown yanayogongana na kumbukumbu za James Jamerson, mpiga besi wa lebo hiyo. Usiingie humo. Dakika zako ni 60 tu.

Na hakuna aliyemtaja Delia Derbyshire! Muziki wa ufunguzi wa tamthilia ya televisheni "Doctor Who", BBC, 1963. Mtunzi Ron Grainer aliandika noti. Derbyshire alizigeuza sauti bila chombo chochote cha kawaida. Uzi mmoja uliokwanyuliwa ukarekodiwa, mashine za kupimia zikatoa melodia, kila noti ikabadilishwa urefu kwa kuharakisha au kupunguza mwendo wa utepe, kisha utepe ukakatwa kwa wembe na kuunganishwa noti kwa noti. Piga hesabu ili msikilizaji aone kazi: kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, noti ya nusu sekunde ni utepe wa sentimita 19. Ukikosea sentimita moja, noti inayofuata inachelewa au inawahi kwa kiasi ambacho sikio linakigundua. Mashine ya njia nyingi haikuwepo, tepe ziliwashwa pamoja kwenye mashine tofauti na kuombewa ziende sawa. Grainer alitaka Derbyshire aandikwe mtunzi mwenza, utaratibu wa BBC haukuruhusu. Jina lake lilionekana kwenye skrini mwaka 2013, alikwisha kufa.

Mrabaha

Niongeze pesa, kwa sababu bila pesa hutaelewa kwa nini kutunga ni muhimu kuliko kuimba.

Wimbo una haki mbili. Moja ni ya utunzi, yaani maneno na melodia. Nyingine ni ya rekodi yenyewe, ile rekodi mama. Zinaweza kuwa kwa watu wawili wasiojuana. Mfano bora ni "Respect". Mwimbaji Otis Redding aliutunga na kuutoa 1965. Aretha Franklin aliurekodi tarehe 14 Februari 1967 na akaugeuza: kutamka neno herufi kwa herufi ni kwake, vile viitikio vya dada zake havikuwemo, na kile kipande cha saksofoni cha katikati kiliongezwa. Yule mwanamume aliyekuwa anadai heshima nyumbani akawa mwanamke anayeidai. Lakini redio za kawaida za Marekani hulipa utunzi, hazilipi mwimbaji. Kila uliporushwa, aliyelipwa upande huo ni Redding. Usiseme "aliibiwa". Hakuna aliyevunja sheria, sheria yenyewe ndiyo iliyokaa hivyo, na kuitaja kunampa msikilizaji ufunguo wa mambo mengine mengi.

Sasa mtazame Carole King. Mwaka 1960 yeye na Gerry Goffin waliwaandikia kundi la wasichana la The Shirelles "Will You Love Me Tomorrow". Alikuwa na miaka 18, na mpangilio wa vinanda vya nyuzi ni wake pia. Lebo ya Scepter iliyoutoa ilikuwa ya Florence Greenberg. Ulifika namba moja Marekani mwanzoni mwa 1961. Albamu yake "Tapestry" ya 1971 ilikaa wiki 15 namba moja, na wimbo ule akauimba tena mwenyewe humo, ukiwa umepozwa. Weka matoleo mawili bega kwa bega, dakika moja moja. Kasi tu inabadilisha swali la wimbo.

Anayefunga mada hii ni Taylor Swift. Rekodi mama za albamu zake sita za mwanzo ziliuzwa 2019 bila yeye. Kwa kuwa ni mtunzi wa nyimbo zile, aliweza kuzirekodi upya, na kati ya 2021 na 2023 akatoa albamu nne kati ya hizo. Mwaka 2025 akazinunua zile za awali. Mwimbaji asiyetunga asingekuwa na mlango huo.

Na Sylvia Robinson, tafadhali, lakini msimfanye malaika. Alikuwa nusu ya Mickey & Sylvia walioimba "Love Is Strange" ya 1956, kisha akaanzisha lebo iliyotoa "Rapper's Delight" mwaka 1979, na "The Message" ya 1982 ikatoka kwake pia. Bila yeye rapu ingechelewa kufika kwenye santuri. Ila "Rapper's Delight" imejengwa juu ya "Good Times" ya kundi la Chic, na watunzi wake hawakuandikwa mpaka walipotishia mahakama. Mwanamke akiwa bosi hufanya yanayofanywa na mabosi.

Mwanagenzi

Nimefuta orodha nzima, asanteni. Rasimu mpya: 1) Gauhar Jaan 1902, 2) Mamie Smith 1920, nikiunganisha na Bessie 1923, 3) Siti 1928, 4) Billie Holiday, "Strange Fruit" 1939, 5) Tharpe 1945, 6) Lata 1949, 7) Big Mama Thornton, "Hound Dog", 8) Shirelles na Carole King, 9) Derbyshire 1963, 10) Umm Kulthum 1966, 11) Aretha 1967, 12) Amazones 1983. Najua ni 12. Nimeandika kwamba Billie alitunga "Strange Fruit", na kwamba Elvis alichukua "Hound Dog" ya Thornton. Viko sawa?

Sanduku la Santuri

Vyote viwili rekebisha.

"Strange Fruit" ni shairi la Abel Meeropol, mwalimu wa New York, lililochapwa 1937. Ndiye aliyelitungia na muziki. Billie alilirekodi Aprili 1939 kwa lebo ndogo ya Commodore kwa kuwa Columbia, kampuni yake, haikutaka kuligusa. Ukimpa utunzi unamnyima kilicho chake, yaani uamuzi wa kuuimba usiku baada ya usiku, mwisho wa onyesho, mbele ya watu waliokuja kustarehe.

"Hound Dog" waliandika watunzi wawili, Leiber na Stoller, wakimwandikia Thornton. Aliurekodi Agosti 1952, na mwaka 1953 ukakaa wiki 7 namba moja kwenye chati ya muziki wa weusi. Elvis aliurekodi 1956 akifuata toleo la Freddie Bell and the Bellboys, waliokuwa wamekwisha kubadilisha maneno. Ndiyo maana kwa Thornton ni mwanamke anayemfukuza mwanamume mvivu, na kwa Elvis ni mbwa asiyejua kukamata sungura. Thornton alikuwa mtunzi kweli, lakini wa "Ball and Chain", ambao Janis Joplin aliuimba kwenye tamasha la Monterey 1967. Ukitaka kupunguza, mtoe Thornton hapo namba 7 umtaje kwa sentensi mbili ndani ya Aretha, kwenye habari za haki mbili.

Cha pili cha kupunguza ni namba 2. Mamie apate sekunde 45 tu, "Downhearted Blues" ipate dakika zilizobaki, kwa ajili ya Hunter na Austin.

Fundi Sindano

La mwisho kuhusu namba 1. Usichukue dakika 2 za mwanzo kama kwa nyingine. Gauhar Jaan anataja jina lake mwisho wa upande, ni sekunde chache tu. Kata mwanzo, bakiza mwisho, na usizimishe sauti polepole pale, atamezwa na mvumo. Acha sindano ifike yenyewe.